Fundi Turubai na Kilima cha Mpui

Shemeji yangu Felisiani anashona maturubai karibu na soko la Sumbawanga, na kama una haraka usimtajie upepo. Mimi nilimtajia siku moja, watoto wakalala njaa. Atakuanzia kwa yule Mjerumani wa zamani aliyejirusha vilimani kwa mabawa ya kitambaa, kabla injini hazijapanda angani, mpaka kazi hiyohiyo ikamuua. Kisha atakueleza glaida, ndege isiyo na injini, inavyobebwa na upepo mtupu. Yote hayo aliyasoma kwenye kurasa za kitabu alizofungiwa vitumbua. Mwisho atakwambia kila nchi ina mtu wake wa kwanza kuruka, na Ufipa mtu huyo ni yeye. Hapo ndipo watu hucheka.

Mabawa aliyashona mwenyewe, kwa turubai la nailoni na mabomba ya antena. Dada yangu Rosina, mkewe, alimwambia akifa asitegemee kuliliwa. Alisema hivyo huku akimshikia kitambaa, kwa hiyo sikumwamini.

Akachagua kilima kilicho juu ya shamba la mama yetu, Josefina, kule Mpui, mwezi wa saba, upepo wa kipupwe ukivuma kwa nguvu. Rafiki zake waliahidi kuja na pikipiki kushuhudia. Wakachelewa, maana watu wa mjini ndivyo walivyo, na upepo haumngoji mtu. Felisiani akakimbia, akaruka. Walipofika walimkuta amelala katikati ya ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo sisi Wafipa tunafukia majani ndani yake yaoze, yawe mbolea. Bawa moja limevunjika. Mfipa mzima, unachagua pa kutua kwenye shamba lililojaa ntumba! Basi mmoja wao, Kasmir wa bodaboda, akambatiza jina, Mzee Puu, na mji mzima ukalidaka.

Jina lile lilimuuma kuliko mbavu alizoumia. Akayakunja mabawa, akarudia kushona maturubai ya malori. Aliniambia hataki sifa, anataka mtu mmoja tu aseme kwamba aliruka. Na huyo mmoja alikuwepo, kwani mama alikuwa shambani siku ile aking'oa maharage. Lakini kwa mama, mtu na mkwewe hawatazamani wala hawasemezani. Felisiani akimwona njiani, huchepukia majanini. Ikabidi niende mimi kumuuliza. Mama akanijibu kwa ukali kwamba yeye si mtu wa kumkodolea macho mkwewe; siku ile alijifunika kitenge akainama. Nilirudi nimekasirika. Heshima gani hiyo ya kumnyima mtu shahidi?

Mwaka huu binti yao Justina alipata kipaimara parokia ya Kaengesa, tukala nyumbani kwa dada. Kasmir akaisimulia tena hadithi yake, safari hii kwa vitendo, akijibwaga mkekani. Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Felisiani naye akacheka kidogo, maana ndiye mwenye nyumba. Nilimwonea huruma. Mama alikuwa ameketi na wanawake wenzake kwenye mlango wa jikoni, amempa mgongo mkwewe.

"Kasmir," akasema, "wewe ulimkuta chini. Huko juu hukuwepo."

Hatukuwa tumezoea kumsikia mama akimsemea mkwewe.

"Mkwe wangu sikumtazama. Nilitazama chini, kama inavyopasa. Kivuli chake kikaja kutoka kilimani, kikapita juu ya ntumba zangu, moja baada ya nyingine, mpaka kule karibu na kijito. Kivuli cha mtu anayetembea hushikamana na miguu yake. Kile hakikuwa na miguu. Kilikuwa kinakwenda peke yake."

Nikamuuliza mbona amekaa kimya siku zote hizo. Akasema hakuna aliyewahi kumcheka mkwewe mbele yake.

Felisiani hakuweza hata kumgeukia amshukuru. Aliinamia sahani yake, na mbele ya wageni wote akalia, machozi yakidondokea wali.