Ndege Yangu ya Mkonge Haikumuua Baba

Mkonge uliolowekwa mtoni unanuka vibaya kuliko mzoga wa mbuzi. Wanawake wa kwetu, upande wa Katangi, waliuloweka mpaka nyama ya jani ioze na zibaki nyuzi za kusokotea kamba na viondo, na harufu ile ilitufuata hadi kwenye uji. Mimi sikuichukia. Penye mkonge pana ule mlingoti wake mrefu unaochomoza katikati ukitaka kutoa maua. Ukikauka unakuwa mwepesi, hata mtoto anaubeba begani, na kisu kinaukata kama kiazi kilichoiva. Ndio mti niliochongea ndege, wakati ule wa vita ya Wazungu na Wajapani, na kwa ajili yake watu wa ukoo wangu mwenyewe wakaniita mchawi. Naandika haya mtu yeyote asome, maana yamesemwa kwa mdomo vya kutosha, tena na watu ambao hawakuwepo.

Baba yangu, Nzioka, alichukuliwa jeshini, na kabla ya kupelekwa ng'ambo kazi yake ilikuwa kupakia ndege za mizigo kwenye uwanja wa Nairobi. Alipopewa likizo alikuja akakaa nami jikoni, akanichorea ndege kwa kidole juu ya majivu. "Ndakota," alisema, akiitamka Dakota kwa ulimi wetu wa Kikamba. Tumbo nene kama la ng'ombe mwenye mimba, injini mbili, na ubavuni mlango mkubwa wa kuingizia magunia na watu. Nikachukua kisu cha mama nikachonga. Ya kwanza ilisimama sawasawa kama meza, baba akacheka mpaka akakohoa. "Hapana, mama," akaniambia, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Ikiwa chini inakalia mkia. Inakaa kama mbwa anayengoja mfupa. Tengeneza nyingine, nikirudi nitaikagua kama afande." Kesho yake akaenda. Sikumwona tena.

Ile ya pili niliichonga polepole. Mabawa niliyashikisha kwa miiba ya mgunga, magurudumu yalikuwa matunda ya manjano ya ndulele, na mapanga ya injini niliyakata kwenye kibuyu kilichopasuka. Mlango nilitoboa ubavuni, nikaingiza punje moja ya mbaazi. Huyo alikuwa baba. Halafu nikapanda juu ya tuta la shamba nikairusha. Ikaelea kidogo, nzuri kweli, kisha ikainamisha kichwa ikachomeka kwenye mabua. Shangazi Nduku, dada ya baba, alikuwa anapita na mtungi wake.

"Na humo ndani umeweka nini?"

"Ni baba. Anarudi nyumbani."

"Ai! Umemfungia ndugu yangu humo halafu unamwangusha? Lete niichome!"

Nilikataa. Alivuta, nikavuta, bawa likavunjika, na mama akatoka nje mikono ikiwa na unga. "Nduku, huo ni mti tu. Mwache mtoto." Shangazi akaniachia, lakini macho hayakuniachia.

Haikupita miezi mingi, askari wa chifu akaleta habari kwamba Nzioka amefia Burma. Watu walipojaa nyumbani kulia, shangazi alisimama katikati yao akasema, "Muulizeni huyu msichana alimweka nani ndani ya ule mti." Basi, ikawa hivyo. Watoto wakakatazwa kucheza nami. Tukienda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, wanawake walisogeza vibuyu vyao nikikaribia. Wengine wangeitupa ile ndege. Mimi niliifunga bawa kwa uzi wa mkonge, na kila jioni nikapanda tuta lililotazamana na mlango wa shangazi, nikairusha aione.

Vita ilipokwisha, akaja Kioko, mwenzake baba wa jeshini, anachechemea. Watu wakakusanyika kumsikiliza. Alisema baba hakuanguka popote. Alishikwa na homa huko msituni, akalazwa na wagonjwa wengine kando ya uwanja wangoje ndege ya kuwachukua. Ndege ilikuja ikazunguka juu ya mawingu, lakini mvua haikuiruhusu kutua, ikarudi. "Ingetua, Nzioka angekuwa hapa," alisema Kioko. "Mimi ilinichukua kesho yake, ndiyo maana mnaniona."

Nikasimama. "Shangazi, umesikia?"

"Kaa chini, watu wazima wanaongea."

"Sema hapa mbele yao kwamba sikumuua baba."

Kioko akageuka huku na huku. "Kwani nani amesema mtoto huyu ameua mtu?"

Shangazi akachukua kiondo chake. "Mbuzi wangu hawana mchungaji," akasema, akaenda. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, tukazikana na kuozana, na neno lile nililomtaka aseme hakulisema mpaka tukamzika.

Mwaka huu amenijia mjukuu wake, Mutua, anayefanya kazi Athi River, simu kiunoni, na mhubiri wake, wote wawili na tai shingoni. Vijana wa ukoo hawapati kazi, ndoa zinavunjika, basi wametafuta mzizi wa laana wakaufikisha kwangu. "Susu, ni kitu kidogo," Mutua akanibembeleza, akiniita nyanya kwa Kikamba. "Piga magoti tu, useme pole kwa ile ndege, yaishe." Mhubiri alikuwa amekwisha kutandika mkeka.

Shangazi alikuwa amefiwa na ndugu wa pekee, na ndege aliijua kwa ngurumo tu. Hasira yake niliielewa, ingawa sikuikubali. Lakini hawa wamesoma. Ndege zinazoshuka Embakasi zinawapita kichwani kutwa. Mtoto wa Mutua mwenyewe amenunuliwa ndege ya plastiki mjini Machakos, anaigonga ukutani kila siku, na hakuna aliyemuuliza ameweka nani ndani. Tulikuwa na ujinga zamani, ndiyo, lakini haukuvaa tai.

Niliwaambia wakunje mkeka wao. Mbele za Mungu napiga magoti kila asubuhi, na nina makosa ya kutosha ya kumweleza. Hili si mojawapo. Nilikuwa mtoto anayemngoja baba yake, na kwa hilo simwombi mtu msamaha.