Ukingo wa Kidonda

Maabara nzima humwita Jicho, naye huliitikia jina hilo bila haya. Kimelea kijifiche kitakavyo, Jicho atakitoa. Ukimuuliza, "Una hakika?" atakutazama kana kwamba umemuuliza kuku kama anajua kudonoa.

Basi siku hiyo kioo cha sampuli alichokitazama kwenye hadubini kilikuwa kitupu. Hola! Na kidonda kilikuwa shavuni mwa mdogo wake wa kike, fundi cherehani, miezi sasa hakiponi. Jirani alishamwahidi kukiunguza kwa maji ya betri jioni hiyo hiyo.

"Si nilikwambia? Hamna mdudu humo," mdogo mtu akasema, akijifunika mtandio usoni. "Mwili wangu wenyewe ndio umenisaliti. Naenda zangu kwa jirani."

"Hebu kaa hapo!"

Kosa Jicho alilijua, na lilikuwa lake. Wagonjwa wote huwakwangua sampuli ukingoni, pale kidonda kinapokutana na ngozi nzima, wapige kelele wasipige. Huyu, kwa kuwa ni ndugu, alimkwangua katikati penye usaha, pasipouma sana lakini pasipopatikana kimelea. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

"Narudia. Safari hii itauma, nisikufiche."

"Kwani ile ya kwanza ulikuwa unanichezea?"

"Nilikuonea huruma. Nimekoma."

Iliuma kweli, matusi yote ya utotoni yalimtoka. Jicho akakikausha kioo, akakipaka rangi, akakiweka chini ya hadubini. Akainama. Akacheka peke yake.

"Njoo uone. Hizo kubwa ni seli zako, ndizo askari wa ngozi. Vile vidoadoa ndani yake ni wadudu walioletwa na usubi, wale inzi wadogo wanaouma. Askari wamewameza."

"Mbona wamo humo wazima?"

"Ndio ujanja wao. Kikulacho ki nguoni mwako! Wanamezwa, halafu wanazaliana humo humo. Askari hawajalala, wamezidiwa tu. Sindano itawasaidia."

"Na maji ya betri?"

"Yangewaunguza askari wako na ngozi yako pamoja."

Mdogo mtu hakubanduka kwenye hadubini. Miezi yote hiyo alikuwa ameuchukia uso wake.

"Kumbe wananipigania," akasema, machozi yakimlenga. "Mie nawaita wasaliti."

Akaukunja mtandio, akautia mkobani, akatoka shavu wazi kumtafuta muuguzi wa sindano.