Kanisa la Kilimani Lililoelekea Makka

Siku yangu ya kwanza kuitwa fundi mkuu nilipanda kilima kimoja karibu na Rhamu, mwiko, timazi na pima maji begani. Ilikuwa miaka ya tisini. Vijana wa leo wana vyeti. Mimi shule niliiachia darasa la tatu, na bado ukuta wangu ukiupima kwa timazi, ile kamba yenye chuma kizito mwishoni, hauendi upande hata unene wa ukucha.

Pale kijijini walimu na wauguzi kutoka Machakos na Kisumu walikuwa wakisali darasani. Sasa walitaka kanisa lao, dogo, la mawe.

Msimamizi wa kazi, Mkamba asiyecheka, aliniuliza, "Umejenga nini wewe?"

"Misikiti mitatu."

"Na kanisa?"

"Ukuta ni ukuta, mzee. Nionyeshe mawe tu."

Akaniachia mchoro, akaenda Mandera kutafuta saruji. Nasema ukweli, vipimo nilivisoma, maandishi niliyaruka. Niliona ile sehemu ya mviringo inayotokeza ukutani, kama mihrabu anaposimama imamu msikitini, mikono ikafanya ilichozoea. Nikavuta kamba, ubavu mrefu nikauweka kaskazini, iliko Makka, na ule mviringo katikati yake. Punda walipandisha maji kutoka mto Daua, tukaunywesha ukuta asubuhi na jioni, maana kwa jua lile saruji isiyokunywa hupasuka.

Ukuta ulipofika magotini, msimamizi alirudi na padri. Padri akatazama jua, akatazama ukuta.

"Fundi Abdi, hapa atasimama padri au imamu?"

Msimamizi hakungoja. "Kusanya vyombo ushuke kilima. Nitatoa fundi mwingine Garissa."

Wallahi, mtu akifukuzwa kazi yake ya kwanza ya ufundi mkuu, nani atamwita tena? Nikauliza, "Padri, nyinyi mnaelekea wapi?"

"Mashariki."

Nikauzunguka ukuta. "Basi nyumba haina kosa. Mashariki ni huu ubavu mfupi. Naziba kule, nafungua hapa, mlango unahamia magharibi. Mtakaa kwa urefu badala ya upana. Siku nne."

"Mdomo wako mkubwa kuliko mwiko," msimamizi akasema.

"Nipe nne, mzee. Ya tano niite mwongo."

Padri alicheka mpaka akaketi juu ya mawe. "Mwache ajaribu," akasema.

Nilimaliza siku ya tatu. Nyuma ya altare niliongeza dirisha jembamba ambalo halikuwa kwenye mchoro, jua la asubuhi lipite. Msimamizi alichukua timazi yangu akalipima. Kazi ilipokwisha alinichukua Tarbaj kujenga shule, kisha Dadaab kujenga zahanati, na kote aliniita fundi mkuu.

Sasa mgongo umekataa mawe, nimetulia Garissa. Nyinyi mnaoshika mwiko leo, kabla ya kuvuta kamba waulizeni wenye nyumba wanaelekea wapi. Mimi tangu kilima kile niliuliza hata nilipojenga choo, maana choo hakielekezwi Makka, na kwetu hapo ndipo wazee hubishana zaidi kuliko kwenye msikiti.