Maji Yaliyopita Haraka Kabazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa glavu, aproni na rundo la mifupa ya ng'ombe lililonishinda urefu. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha uhandisi wa kemikali, nikidhani nitakaa maabara. Msimamizi wa tanuri akanicheka. "Madam, hapa tunachoma mifupa ndio watu wakunywe maji. Anza kuchambua."

Nilimuuliza maswali mpaka akachoka. Maji ya visima vingi vya huku kwetu Nakuru yana floraidi, madini yasiyoonekana wala kunuka, yanayotia meno rangi ya kahawia na, yakizidi sana, hupinda miguu ya watoto. Mifupa ikichomwa kwenye tanuri lisiloingiza hewa nyingi hugeuka mkaa mweusi wenye vitundu vidogo mno. Maji yakipita katikati ya mkaa huo, floraidi huyahama na kung'ang'ania mkaa. Kuhama huko kunataka muda. Kwa vitabu nililijua hilo. Kulielewa, nilikuja kulielewa kijijini Kabazi.

Kutoka kwa tanuri nilihamishiwa maabara, chini ya mkemia mkuu, mama mkali ambaye ukimwambia "nafikiri" alikujibu, "Usifikiri, pima." Halafu nikapelekwa nyanjani. Kabazi shirika letu lilikuwa limejenga chujio: tangi refu lililojaa mkaa, na bomba moja chini lenye valvu ya kupunguza kasi ya maji. Baada ya miezi miwili nikapima maji yake. Floraidi ilikuwa karibu sawa na ya kisimani.

"Mkaa umechoka," meneja wa miradi akasema kwenye simu. "Tupa, weka mwingine."

Lakini mkaa wa miezi miwili unachokaje? Nilichota kiasi, nikaupima maabara. Ulikuwa bado unashika floraidi vizuri. Basi nikarudi Kabazi asubuhi, nikaketi karibu na bomba, nikawa natazama tu.

Foleni ilikuwa ndefu, lakini mitungi ilijaa upesi ajabu. Nikamwendea Mama Chebet, aliyekuwa mlinzi wa bomba.

"Mama, hii valvu nani aliifungua hivi?"

"Ni mimi. Maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo. Jirani yangu ako na mimba, alizirai hapa akingoja. Ningefanya nini, madam? Sasa mtanifuta kazi?"

Niliirudisha valvu, na wanawake wakanipigia kelele. Mmoja akaapa kwamba watarudi kunywa maji ya kisima. Niliona wana haki. Sisi ndio tuliojenga chujio bila tangi la kuhifadhi maji yaliyosafishwa, ambalo lingewezesha chujio kufanya kazi taratibu saa zote na watu kuchota haraka.

Nikaandika hivyo kwenye ripoti. Meneja akaniita ofisini.

"Tangi tutajenga. Lakini hapa unaposema watu walikunywa maji mabaya kwa kosa letu, toa. Andika mlinzi alichezea valvu."

"Sitoi, sir."

Tangi lilijengwa, Mama Chebet akabaki na kazi yake, nami nikarudishwa kwenye tanuri karibu mwaka mzima.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Section 58. Wahandisi wachanga hunipigia simu kuuliza hesabu za kasi ya maji na kimo cha mkaa, nami huwasaidia kwa furaha. Kisha huwauliza ni nani anayechota hapo, na husimama kwa muda gani. Wengi hawajui.

"Nenda ukae huko kwanza," huwaambia, "halafu unipigie."