Nilienda Kalama kununua saa ya askari wa vita ya kwanza, nikaulizwa ni ya nani

Wakuu, salamu kutoka Machakos.

Hii kitu ilinitokea mwezi uliopita na sitaiongezea chumvi. Shule sikuenda mbali, kwa hivyo Kiswahili ikipinda mnivumilie. Mahali sijui, nitasema sijui. Majina nimebadilisha.

Niko na duka ya chakula ya mifugo hapa Mumbuni. Kando na hiyo nakusanya saa za mkono za zamani, zile za askari wa vita ya kwanza ya Wazungu.

Kwa wale hawajui: wakati huo wanaume walibeba saa mfukoni. Vitani huwezi kushika bunduki na bado unatafuta saa kwa mfuko. Kwa hivyo mafundi walichukua saa ndogo ya mfukoni, wakachomelea waya mbili, juu na chini, mkanda wa ngozi ukapita hapo. Zingine ziliwekwa kichuma cha matundu juu ya kioo isivunjike.

Ya kichuma sijawahi kupata. Bibi yangu husema, "Wewe unanunua saa zimekufa, halafu ukitaka kujua saa unaangalia simu."

Sasa kuna mteja wangu, nitamwita Mutua, wa kule Kalama. Siku moja aliona saa moja yangu kwa kaunta akasema, "Hii tuko nayo nyumbani. Na yetu iko na wavu kama ya dirisha."

Wakuu, hiyo usiku sikulala vizuri.

Alinialika niende kuinunua, na Jumamosi nikaenda. Nilidhani nitamkuta Mutua na mama yake peke yao. Nikakuta na kaka yake mkubwa, Musyoka, ametoka Katangi asubuhi hiyo. Alinisalimia vizuri lakini hakutoa kofia.

Mama ni mzee sana, wote pale wanamwita Susu, yaani nyanya. Alituletea chai kwanza. Halafu akasema shida yao bila kuzunguka.

Mutua anasema saa ilikuwa ya baba yao, marehemu. Vitu vya baba aliachiwa yeye kwa sababu ndiye alibaki kwa boma akiwatunza wazee. Hiyo ni kweli, hata Musyoka hakukataa.

Musyoka anasema hapana, ilikuwa ya babu yao, aliyeenda vitani. Yeye ni kifungua mimba, alipewa jina la huyo babu kama kawaida yetu Wakamba. Kwa hivyo kitu ya babu inafuata jina.

"Mimi nilipoolewa hapa nilikuta hiyo saa imefungwa kwa kitambaa," Susu akasema. "Baba mkwe alikuwa ameshakufa. Sikuuliza. Bibi mpya haulizi. Sasa wewe unajua saa, tuambie."

Mimi nilikuja kununua tu. Hakuna mtu aliniambia kuna kesi.

Akaifungua. Kichuma ilikuwa yake ya kwanza kabisa, haijabadilishwa. Waya zote mbili nzima.

Halafu nikageuza nyuma. Ilikuwa inang'aa kama kijiko.

"Susu, hii imeoshwa?"

"Niliisugua na jivu jana. Mgeni haonyeshwi kitu chafu."

Sufuria za huyo mama zilikuwa zimepangwa ukutani, zote zinang'aa hivyo hivyo. Alinifanyia heshima. Lakini huko nyuma ndiko jeshi iligonga alama zake, na jivu inakula.

(Tafadhali, ukipata saa kama hizi usisugue, na uso wake usifungue kabisa. Ile rangi ya namba iliyokuwa inawaka gizani ni sumu.)

Nikasogea mlangoni kwenye mwanga. Nikainamisha saa hivi, nikainamisha vile. Nikaona mshale. Kivuli tu ya mshale, ile alama Waingereza waligonga kwa mali ya jeshi.

Mutua akanifuata. Akasema polepole, "Ni ya kawaida tu, si ndiyo? Ya duka."

Nikiwa mkweli, hapo ndipo nilipata jaribu. Hakuna mwingine angeona huo mshale. Nikisema ni ya duka, inakuwa ya baba yao, Mutua ananiuzia, na jioni iko kwangu.

Niliangalia hiyo saa muda mrefu. Sijui kama ni wema au ni woga wa kudanganya mama mzee baada ya kunywa chai yake.

Nikarudi nikasema: "Hii ni ya jeshi, ya vita ya kwanza. Haikuuzwa kwa duka za kawaida. Lakini saa haisemi nani aliivaa. Hizi zilikuwa za maofisa. Babu alipewa, aliokota, sijui. Hata baba yenu angeweza kuinunua kwa mtu baadaye."

Musyoka akasema, "Kwa hivyo hujui."

"Najua umri wake. Mwenyewe simjui."

Mutua akacheka bila furaha. "Nimeleta wakili wa upande ule."

Susu aliweka kikombe chini. Halafu akauliza, "Hiyo vita, bwana yangu alikuwa amezaliwa?"

Wote walisema hapana.

"Basi imetosha." Akashika saa kwa mikono miwili akampelekea Musyoka. "Shika, baba." Mama anamwita mtoto wake baba, kwa sababu amebeba jina la mkwe wake. Hapo ndipo Musyoka alitoa kofia.

Mutua alienda nje kuangalia ng'ombe. Alikaa huko mpaka nikaondoka.

Somo langu ni hili: ukiitwa kuangalia kitu ya watu, uliza kwanza unaitwa kama mnunuzi ama kama shahidi. Ukiwa na hamu ya kitu huwezi kuwa vyote viwili bila mtu kuumia.

Kwa Susu na Musyoka naona nilisema haki. Lakini aliyenialika ni Mutua, na ndiye amelisha yule mama miaka hiyo yote. Ule mshale ulikuwa hafifu sana. Siku zingine najiuliza kama niliuona, ama nilitaka sana iwe saa ya jeshi mpaka nikauona.

Mngekuwa nyinyi mngesema nini hapo mlangoni? Hata wa kunikosoa, karibuni.