Mwanamke wa Koti la Jeshi

Nyanya yangu, mama yake mama, alipika chang'aa Kibera, na kila alipofikishwa kortini gazeti lilimwandika. Hayo niliyajua mama alipokuwa mgonjwa, wiki chache kabla hajafa. Aliniambia akiwa ameelekea ukutani.

"Alikuwa na mdomo, huyo. Hakimu mwenyewe alikuwa anacheka. Alienda na koti la jeshi la marehemu mumewe, na kila mara aliwapa jina lingine."

Nikamuuliza mbona hakuwahi kunisimulia. Akavuta blanketi mpaka mabegani.

Tulimzika nyumbani, Magharibi, nikarudi mtaa wa Gatina jijini, kwenye chumba nilichokuwa nikiishi na mama. Mimi hushona yunifomu za shule. Jumatatu wateja ni wachache, kwa hivyo nikaanza kwenda maktaba mjini, mahali magazeti ya zamani yamefungwa pamoja kama vitabu vikubwa. Nilipekua Jumatatu tatu bila kupata kitu. Ya nne nikamwona, kwenye aya fupi chini ya habari za kortini: mwanamke wa Kibera aliyevaa koti la jeshi. Jina halikuwa lake, lakini koti lilikuwa lake.

Baada ya hapo alinijia mara kwa mara, na mwandishi wa habari hizo alionekana wazi kumpenda. Hakimu alimuuliza kwa nini anapika pombe haramu. Akajibu kwamba maji ya Kibera si safi, yeye anayachemsha tu. Siku nyingine aliulizwa mtungi ulikuwa na nini. "Machozi ya waume za watu," akasema. Nilicheka kwa sauti mle ndani, watu wakageuka. Nikatazama kando yangu kama mtu anayetaka kumwonyesha mwenzake, na kiti kilikuwa kitupu.

Halafu nikafika kwenye ile ya mwisho. Safari hii hapakuwa na mzaha. Hakimu alitaka kumhurumia, akamuuliza kama ana mtoto anayemtegemea. Nyanya akajibu hana, tumbo lake halijawahi kubeba kitu. Akafungwa.

Nilisoma mistari ile mara nyingi. Kwa hesabu yangu, mama alikuwa darasa la nne, akiishi kwa shangazi yake Kawangware. Ndipo nikaelewa kwa nini maishani mwake hakutaka gazeti liingie nyumbani, hata lililofungiwa sukuma wiki. Kuna mtu alimsomea maneno yale.

Jumamosi nilienda Kibera. Niliuliza kanisani, wakanielekeza kwa bibi mmoja mzee anayeishi na binti yake karibu na reli. Nilimkuta mlangoni akichambua mboga. Nilipotaja koti, mikono yake ikasimama.

"We ni nani wake?"

"Mjukuu."

"Basi mamako ndiye yule wa Kawangware. Alikuwa na huyo mmoja tu." Alinivutia kigoda. "Mimi nilikuwa msichana, nyumba yetu na yake zilikuwa ukuta mmoja."

Nikamwambia nilichosoma gazetini. Akatikisa kichwa.

"Ungetaka aseme nini? Shule ya mamako ilikuwa ya kanisa, mtoto wa mpika pombe hawangemweka hata siku moja. Tena askari wakijua una mtoto, wanaenda kupekua na huko anakokaa. Kabla ya kesi alikuwa ananiita nimfanyishe mazoezi. Mimi nauliza, 'Una mtoto?' Yeye anajibu, 'Sina.' Mara ya kwanza alishindwa kulitoa hilo neno."

Alichambua majani kidogo, kisha akaendelea bila kuniangalia.

"Alipotoka jela alienda Kawangware kumchukua. Mtoto akakataa kutoka nje. Alisimama langoni mpaka mvua ikamshika, akarudi hapa. Baadaye akahama, na sisi hatukusikia tena yuko wapi."

"Mama hakuwahi kuambiwa?"

"Nani angemwambia? Sisi tulikuwa watoto."

Nilimshukuru, nikatoka. Nilipofika kituo cha matatu cha Kawangware 56 nilisimama kando ya vibanda, nikampigia kaka yangu aliye nyumbani Magharibi. Nilimwambia yote harakaharaka. Alisikiliza vizuri, kisha akasema, "Sawa dada, lakini sasa hiyo itatusaidia nini? Wote wameshaenda." Akaniuliza kama nimekula, tukaagana.

Chumbani nilipika ugali kidogo, nikala, nikaosha sahani yangu. Jirani alikuwa akigombeza watoto kwa sababu ya homuweki. Nilikaa kitandani upande aliolala mama, nikaanza kumweleza kwa Kiluhya, kwa sauti ya kawaida, kama ningemweleza habari za sokoni. Nilieleza yale mazoezi, neno lile lilivyogoma kutoka, na jinsi nyanya alivyokuja kumchukua. Nilipofika pale langoni, kwenye mvua, na yeye mwenyewe ndani akikataa kutoka, sikujua niendelee vipi. Nikaishia hapo, na hakuna aliyeniuliza kilichofuata.