Macho ya Mtu wa Gunia

Kazi yangu ni kuwapamba maharusi kibandani kwangu mtaa wa Eastleigh. Kwa hivyo kikundi cha maigizo cha mtaani kiliponiomba nimtengenezee uso msaliti wa enzi za mkoloni, wakati wa hali ya hatari, nilicheka. Uso gani? Mtu amevishwa kichwani gunia lenye matundu mawili ya macho, ameketishwa mbele ya wanaume waliopangwa foleni. Kila anapoitikia kwa kichwa, aliye mbele yake anapakiwa kwenye lori. Cha kupambwa hapo ni macho tu.

Mwigizaji nilimfanyia majaribio sebuleni kwetu mtaa wa Jericho, kwa sababu Shosho, mama yake baba, siku hizi haachwi peke yake. Nilimpaka wekundu kwenye kope, nikazungushia masizi, nikamvisha gunia, nikarudi nyuma kidogo nikajisifu kimoyomoyo.

"Manze, hapa umeweza," mwigizaji akasema, akijitazama kwenye kioo.

Shosho alikuwa akimenya njegere. Hakusifu.

"Hayo ni macho ya mlevi," akasema. "Yeye hakuwa mlevi."

Niliudhika. Sipendi kufundishwa kazi, hata na Shosho. Lakini hilo "yeye" lilinikwama. Babu yangu alipakiwa kwenye lori kama hilo na hakurudi. Hata kaburi lake hatuna. Hayo tuliyajua. Kwamba Shosho alikuwepo, akatazama ndani ya yale matundu, hakuwahi kutuambia.

"Yalikuwaje basi?"

"Futa hiyo nyekundu. Jicho la kushoto, kope ishuke kidogo. Weka kovu likate nyusi, hapa. Halafu yaloweshe. Alikuwa analia."

"Analia na bado anawachongea wenzake?"

"Analia, na kichwa kinaitikia."

Nikafuta. Kope nikaishusha kwa gundi ya kope bandia, kovu nikalifinyanga kwa nta. Nilipomvisha tena gunia, nikainua macho. Ukutani, juu ya kichwa chake, ilining'inia picha ya marehemu kaka yake Shosho, mzee aliyemlea baba yangu na kumsomesha. Kope ya kushoto imeshuka. Kovu limekata nyusi. Picha hiyo Shosho huipangusa vumbi kila Jumamosi.

Mwigizaji alipoondoka nilimuuliza Shosho aliwezaje kuishi kwa mtu huyo.

"Ningeenda wapi, mami? Baba yako alikuwa mgongoni. Kaka yangu alikuja kutuchukua asubuhi iliyofuata, macho bado yamevimba. Nikala chakula chake."

Nikamkumbusha kwamba baba angekuja kutazama mchezo, na kwamba angeyatambua macho hayo. Baba anampenda yule mzee kuliko anavyotupenda sisi wanawe, na sisemi hivyo kwa utani. Nilitaka kurudia macho yangu mekundu ya uongo, yasiyomuumiza mtu.

"Paka vile nimekuonyesha," Shosho akasema. "Nimechoka kuyajua hayo macho peke yangu."

Nikapaka. Nilipaka kwa hasira, nikimchukia yule mfu wa ukutani, na Shosho pia, kwa kunitwisha mzigo ambao sikuuomba.

Mchezo ulikuwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa mtaa. Baba aliketi mstari wa mbele, kati yangu na Shosho. Watu walimzomea msaliti, na baba akazomea kuliko wote, mpaka mtu wa gunia alipogeuza kichwa upande wetu na taa ikammulika machoni. Hapo baba akaacha kuzomea, akaweka mikono magotini. Mwisho wa mchezo ukumbi mzima ulipiga makofi. Mikono yake ilibaki magotini.

Nyumbani hakuvua koti. Alisimama mbele ya picha, kisha akamgeukia mama yake.

"Ni yeye?"

Shosho alimtazama mwanawe, machozi yakimtiririka, na kichwa chake kikaitikia.